Redio za FM za Dar kwa mguu wa fundi cherehani

Nashona nguo Temeke, kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga, na huu ni mwaka wa 23. Saa 2 asubuhi nafunua cherehani, saa 2 usiku naifunika kwa kanga. Katikati ya saa hizo redio haizimwi, labda adhana ikilia au mtaani kuna msiba. Siku 6 kwa wiki, saa 12 kwa siku. Anayesikiliza redio ndani ya daladala anaonja tu. Mimi nakula sahani nzima, na kituo kikipika vibaya, mimi ndiye ninayelala nacho tumboni.

Redio yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, ile yenye kishale kinachotembea nyuma ya kioo. Binti ninayemfundisha kazi ananiambia vituo vyote vipo kwenye simu. Vipo, sikatai. Lakini kusikiliza kwa mtandao kunataka bando, na ile redio ya ndani ya simu haikamati mpaka uchomeke waya wa masikioni, maana waya ndio antena yake. Fundi akiziba masikio hamsikii mteja anayepiga hodi. Redio yangu umeme ukikatika inakula betri nne kubwa na kazi inaendelea, na inasikika mpaka kwa mama ntilie aliye nyumba ya tatu, ambaye naye ana maoni yake kuhusu ninachofungulia.

Juu ya kioo nimeweka alama kwa rangi ya kucha ili nisipoteze muda kutafuta. Nyekundu nilikusudia iwe ya Clouds, 88.5. Tone moja la brashi likafunika vituo vitatu: East Africa Radio 88.1, Clouds yenyewe, na Wasafi 88.9. Vimebanana pale kama abiria wa Mbagala saa 12 jioni. Ukipangusa vumbi tu kwenye kitufe umeshahama, na kwa dakika nzima unaweza usijue, kwa sababu mchana mara nyingi wimbo ni ule ule. Nyeupe ni Radio One, 89.5. Zambarau ni EFM, 93.7. Bluu ni TBC Taifa.

Sasa nieleze ninavyopima, kwa kuwa kipimo changu si cha mtu anayecheza muziki ukumbini.

Cherehani ya kukanyaga inafuata mguu, na mguu unafuata ngoma. Ukitaka usitake. Ukikaa na mafundi wakongwe watakuambia: wimbo ukiwa mzito, mshono unatambaa, wimbo ukichanganya, sindano nayo inachanganya. Mshono mrefu ulionyooka, kama ubavu wa dera au pindo la pazia, unataka muziki unaokwenda kwa mwendo mmoja na usioshtuka. Kutia zipu kunataka muziki wa chini. Kukata kitambaa hakutaki muziki kabisa. Mkasi ukishaingia kwenye kitenge cha mtu hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo wakati wa kukata natafuta watu wanaozungumza: habari, magazeti, mabishano ya Simba na Yanga, hata bei za mazao. Kushona vifungo na kupinda kwa mkono, hapo sasa ndipo mahali pa taarab.

Kwa hiyo siku yangu inahama vituo kama inavyohama kazi.

Asubuhi ni ya kukata. Power Breakfast ya Clouds imenikatia magauni mengi, na sisemi hivyo kwa ushabiki. Kipindi kina watu wanaojua kuongea wakapokezana, muziki unaingia kupumzisha masikio kisha unatoka. Joto la Asubuhi la EFM nalo lina uchangamfu wa kwetu, lugha ya mtaani, mtu anapiga simu kutoka Tandika unamsikia kabisa ni wa Tandika. Nikiwa na kitambaa cha gharama, hariri au shela ya bibi harusi, napeleka kishale kwenye bluu nisikilize taarifa ya habari ya TBC. Sauti tulivu, Kiswahili kilichopigwa pasi. Mkono unatulia.

Ikifika saa 4 naanza kukanyaga, na hapo ndipo kituo kinapoonyesha kama kina mpangilio au kina mafungu tu ya nyimbo.

Niseme habari ya EFM na singeli, maana watu wa rika langu wengi wanaikwepa. EFM ilianza kurusha 2014, na ndiyo redio iliyoibeba singeli kutoka uswahilini ikaiweka hewani mchana kweupe. Kabla ya hapo huo ulikuwa muziki wa vigodoro, mikesha ya mitaani ya Tandale, Manzese na Mburahati. Ukiusikiliza vizuri utakikuta ndani kinanda cha taarab na cha mchiriku, ule muziki wa zamani wa uswahilini, kimekimbizwa kwenye kompyuta mpaka kinalia kama nyuki, na juu yake kijana anamwaga maneno bila kuvuta pumzi. Mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na zipo zinazokaribia 300. Waliokuwa wakiuita muziki wa wahuni leo wanaucheza kwenye harusi za ukumbini, kina mama wamevaa sare nilizowashonea mimi. Redio iliyoona hilo mapema inastahili heshima yake.

Lakini singeli na upindo haviendi. Nimejaribu: mguu ulikimbia, mshono ukapinda, uzi ukakatika mara mbili. Si kosa la muziki, ni kazi isiyolingana nao. Muziki ule ni wa kupiga pasi, wa kufagia vipande, wa kukunja na kufunga mizigo. Na ni wa usiku wa kuamkia Idi. Usiku ule nguo 11 bado zinaning'inia hazina mikono, wateja wamekaa kwenye benchi wananitazama, binti anasinzia juu ya bobini. Hapo nahamia zambarau mwenyewe bila kuombwa, na vijana wa bodaboda wa kona wanashangilia. Wamezijua rangi zangu siku nyingi. Siku za kawaida hupita wakaita, "Shikamoo shangazi, tuwekee zambarau basi!" Naitikia marahaba, nawaambia wasubiri saa 10.

Muziki unaonifaa kuliko wote mguuni ni dansi. Nitakaa hapa kidogo.

Baba yangu alikuwa mtu wa Kilwa, na alikuwa na fahari kubwa kwamba kuliwahi kuwa na bendi iliyobeba jina la kwao, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Nyumbani tulikuwa na redio moja na kituo kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapakuwa na kuzungusha kitufe. Bendi zilikuwa zinakwenda kurekodi kwenye studio za RTD barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni barabara ya Nyerere, na walikuwa wanapiga wote kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta, ngoma, mara moja mpaka mwisho. Akikosea mmoja mnaanza upya. Ndiyo maana ukizisikia leo unaona kabisa kuwa watu walikuwa ndani ya chumba kimoja wakitazamana. NUTA Jazz ya 1964, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mlimani Park ya 1978, ndiyo Sikinde. Vijana Jazz. Maquis. Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe. Hizi zote zimelala kwenye maktaba ile ambayo TBC imeirithi, na TBC Taifa inapozifungulia, wimbo unapigwa kama ulivyorekodiwa.

Nasema kama ulivyorekodiwa kwa sababu nina uchungu na jambo hili.

Wimbo wa dansi umekatwa kama gauni. Kuna kifua, ambacho ni beti: polepole, magitaa yanazungumza chini chini, mwimbaji anakusimulia kisa chake na mkewe, au bosi wake, au ndugu waliomkimbia alipofilisika. Halafu kuna kiuno, pale kiitikio kinapobana. Kisha sketi inafunguka: ndiyo chemko. Tarumbeta zinaingia, gitaa la solo linapanda, waliokaa wanasimama. Jambo zima linaweza kuchukua dakika 7 au 8. Mguu wangu unajua. Kwenye beti naunga mabega, kwenye chemko nateremka ubavu mzima kutoka kwapani mpaka chini bila kuinua kichwa.

Kuna kituo kimoja, jina naliacha, ambacho kina kipindi cha zilipendwa mwisho wa wiki. Nilikisubiri kwa hamu. Wimbo unaanza, beti la kwanza, la pili, kiitikio, dakika ya 3 na kitu, kisha sauti inafifia na tangazo la kubashiri mechi linaingia. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Saa nzima hawakufikisha chemko hata moja. Nikajiuliza, huyu anayepanga nyimbo amewahi kuzisikia mpaka mwisho? Maana kama hajawahi, anaweza kudhani kweli zimeisha. Ameshika vifua kumi vya magauni na hakuna hata sketi moja. Siku ile nilizima nikashona kimya, na mama ntilie akapaza sauti kuuliza kama nimefiwa.

Jambo la pili linaloniuma ni majina. Nina daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kwenye pambizo la kurasa hizo nimeandika majina ya nyimbo na waimbaji tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Kwa watangazaji wa zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi. Ulikuwa unatajiwa bendi, unatajiwa mtunzi, unatajiwa aliyeongoza sauti, tena kabla na baada. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kumtofautisha Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka nikiwa sijawahi kumwona hata mmoja wao. Na ndivyo nilivyojua kuwa Gurumo huyo huyo wa NUTA ndiye aliyekuja kuimba Mlimani Park. Mtangazaji alinisomesha bila ada.

Siku hizi, kwenye vituo vingi vya vijana, wimbo unaisha na unaambiwa "ngoma kali hiyo", kisha wa pili umeshaingia juu ya wa kwanza. Kali ya nani? Mimi nina sindano mdomoni na kalamu sikioni, nasubiri jina. Halipo. Binti anachukua simu, anauonyesha wimbo ule, simu inamtajia. Basi simu imefanya kazi ya mtangazaji.

Hapo Radio One nampa maua yake, na sababu ina historia. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa redio za watu binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994. Nakumbuka siku tulipoikamata pale Kariakoo. Fundi wetu mkuu alisimama katikati ya chumba na futi shingoni, hakuamini kuwa kuna redio nyingine nchini na inapiga muziki namna ile. Rap ya Kiswahili tuliisikia pale kwa mara ya kwanza, na inasimuliwa sana kwamba hata jina Bongo Fleva lilizaliwa kwenye vipindi vyao, kinywani mwa mtangazaji Mike Mhagama. Mpaka leo nikipeleka kishale kwenye nyeupe mchana nakuta mchanganyiko wa mtu mzima: dansi kidogo, Bongo Fleva ya miaka ya 2000, rumba ya Kongo, taarab. Haikimbizwi na chati. Kwa sare za shule za Januari, wakati nina sketi 40 za marinda na kila moja inafanana na mwenzake, hiyo ndiyo redio yangu. Rinda linataka muziki usio na haraka na usiolala.

Clouds, iliyoanza 1999, ni jambo jingine. Hawa walitoka kwenye disko, Clouds Disco, na udisko huo haujawatoka: wanajua lini watu wachoke na lini waamke. Leo Tena inaingia wakati kina mama wamekuja kupima nguo, na nimeona wanawake watatu wasiojuana, mmoja kavaa upande mmoja wa gauni, wakiacha vipimo wajadili kisa cha hewani mpaka mmoja akalia. Mchana XXL inageuza kibaraza kuwa cha binti. Hapo mimi nanyamaza, zamu ni yake. Jioni ni Jahazi. Muziki wa Jahazi unachanganywa na mazungumzo kwa namna inayonifanya nisione giza linavyoingia. Na ni redio iliyotoka studio ikawafuata watu mikoani kwa tamasha lake la Fiesta, ndiyo maana wasanii wengi wa Bongo Fleva tuliowajua wamepita mikononi mwao.

East Africa Radio naifungulia nikitaka kusikia nje ya Dar. Wanaheshimu jina lao: utasikia Nairobi na Kampala humo, utasikia hip hop ya Kiswahili yenye mashairi ya kufikiria, si ya kurukaruka tu. Planet Bongo imewasikilizisha vijana wengi mashairi mazuri. Wasafi, iliyokuja 2019 na ambayo Diamond Platnumz ni mmoja wa wenyewe, ina kelele za furaha. Michezo yao inawakusanya bodaboda wote mbele yangu mpaka njia inaziba, na nguvu yao ni kwamba wimbo mpya ukitoka leo unausikia leo. Sabufa ya kinyozi wa jirani haitoki hapo.

Ila nikiweka saa 7 mchana nikatembeza kishale kutoka mwanzo wa tone langu jekundu mpaka mwisho wake, najua nitakutana na wimbo mmoja mara mbili au tatu ndani ya saa moja. Nalisema kwa redio zetu zote za vijana kwa pamoja, si kwa mmoja. Nchi hii ina wanamuziki wengi kuliko nyimbo 15 zinazozunguka kwa wiki. Na siamini kwamba 15 hizo zinachaguliwa kwa masikio tu. Mtoto wa dada yangu anaimba. Mwaka 2018 alipeleka wimbo wake kwenye kituo kimoja, na aliyempokea akamuuliza kama amekuja mikono mitupu. Akaenda kuuza simu. Wimbo ulipigwa mara mbili, zote saa 8 usiku, tukakesha tuusikie. Ni wimbo mzuri. Nimeushonea nguo nyingi kutoka kwenye flashi. Yeye sasa anaendesha bajaji na bado anatunga akiwa kwenye foleni. Kila nikisikia wimbo ule ule wa mtu mmoja kwa mara ya nne kabla ya chakula cha mchana, nawaza nafasi tatu zile zingeweza kuwa za nani.

Baada ya saa 10 alasiri nakaa kitako na kazi ya mkono. Vifungo, pindo, shanga za shela. Hapo natafuta taarab. Ile ya kisasa ya mipasho, ya kina Khadija Kopa na Mzee Yusuf, inapatikana bila taabu, EFM wanayo, Radio One wanayo, na wateja wangu wanajua kila neno. Siwezi kuibeza; nimeshona sare za vikundi vya wapenzi wa taarab na ndizo zilizonilipia ada za watoto. Lakini taarab asilia, ya ala za fidla na kanuni na udi, ile ya vikundi vya Culture na Nadi Ikhwan Safaa vya Unguja, ambayo maneno yake unaweza kuyatafuna siku tatu, hiyo kwenye FM za Dar inasikika kwa nadra mno. Tuko ng'ambo tu ya maji, boti za Azam zinakwenda na kurudi kila siku, na muziki ule haujapewa hata saa moja ya kudumu jioni. Kama kuna mwenye redio anasoma hapa, naomba: saa 11 mpaka 12 jioni, taarab asilia, majina yatajwe. Kina mama wanaosuka, wanaopika futari, mafundi, walinzi wanaoanza zamu. Tupo.

Ramadhani vituo vingi hupunguza muziki na kaswida zikachukua nafasi karibu na futari, na napenda jinsi mji mzima unavyoshuka sauti pamoja. Radio Maria kwa jirani yangu Mkatoliki, Radio Kheri kwetu, Wapo kwa walokole wa nyumba ya nyuma: hizo zina wenyewe na hazihitaji mizani yangu.

Nikumbuke na Machi 2021, alipofariki Rais Magufuli. Nilitembeza kishale nyekundu, nyeupe, zambarau, bluu, kila mahali nyimbo za maombolezo. Nilishona vitambaa vyeusi siku nyingi mfululizo na mguu ulikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuujua. Watangazaji niliozoea wakicheka walikuwa wanasoma kwa sauti nzito. Siku zile rangi zangu zote za kucha zilikuwa kituo kimoja.

Kitu kingine ni safari. Nikienda Lindi kwa basi nakaa dirishani na kiredio kidogo cha mfukoni. Mawimbi ya FM yanakwenda kama uzi uliovutwa, yamenyooka. Yakikutana na kilima au umbali ukizidi yanakatika. Kongowe bado nipo Dar. Mkuranga sauti inaanza kukwaruza. Kibiti hakuna kitu. Baada ya daraja la Rufiji unabaki na mkwaruzo na miti. Vituo vikubwa vimefunga mitambo mikoani, kwa hiyo mbele unakutana navyo tena kwa namba nyingine, na katikati unazipata redio ndogo za wilayani, ambazo mtangazaji anasalimia watu kwa majina na vijiji vyao. Humo ndani nimezikuta salamu zile za zamani! Mtu anatuma salamu kwa watu kumi, na jina lake la utani refu kama kanzu, kama tulivyokuwa tunanunua kadi za salamu tukazijaza na kuzipeleka posta. Bibi yangu Kilwa Kivinje aliisikia RTD ile ile tuliyoisikia sisi Dar, kwa masafa ya kati na mafupi yaliyokuwa yanapita juu ya vilima. Sauti ilikuwa na mawimbi kama iko baharini, lakini ilifika, na jina lake lilitajwa mara mbili kabla hajafa. Alitutumia barua kutuambia.

Basi kwa anayeuliza afungulie wapi, mimi nafanya hivi. Ukiwa na kazi ya akili, asubuhi ya Clouds au habari za TBC. Kazi ndefu inayojirudia, Radio One. Ukitaka nguvu za ghafla, EFM, na usione haya. Ukiwa na kijana wa kumfundisha kazi, mwachie mchana wake pale kwenye tone jekundu, ukimnyima atashona amenuna. Dansi iliyokamilika na chemko lake, TBC Taifa, na ukikuta saa ambayo wanapiga, iandike ukutani.

Kuna kituo kimoja sijakipaka rangi. Crown, 92.1, ya Alikiba, iliyoanza 2024. Iko peke yake pale kwenye kioo, haijabanana na mtu, na tangu Shaabani nimekuwa nikiipeleka kishale jioni jioni. Juzi walipiga wimbo wa zamani wa Bongo Fleva mpaka sekunde ya mwisho, kikapita kimya kidogo, kisha mtangazaji akataja aliyeimba. Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliandika jina kwenye ukurasa wa mteja wa blauzi ya satini. Rangi ya kijani nimeshanunua Tandika, shilingi 1,000, iko kwenye droo pamoja na bobini. Nawasikiliza mpaka Idi ipite.